Kipande Kimoja Tu Ndicho Bunduki

Nilikuwa nimeishi Louisville miaka kadhaa kabla sijashika bunduki, na aliyenishikisha alikuwa mwanamke mwenye umri wa kunizaa. Tulifanya kazi chumba kimoja katika kiwanda cha mashine za kufulia nguo, na kazi yetu ilikuwa kupima. Kipande kikiletwa tunakiweka juu ya meza ya jiwe jeusi, tunakipima unene, upana na mviringo wake, kisha tunasema kinafaa au hakifai. Yeye alizaliwa milimani, mashariki ya Kentucky, na maneno yake aliyavuta mpaka nikachukua mwaka mzima kumwelewa vizuri. Aliniita "mpenzi", kama alivyomwita kila mtu, hata mashine ya kahawa ilipogoma.

Ijumaa moja akaniuliza kesho yake nina shughuli gani. Nikamwambia nafua.

"Utafua Jumapili," akasema. "Njoo tukapige shabaha."

Kwetu Morogoro bunduki pekee niliyowahi kuiona kwa karibu ilikuwa ya mlinzi wa benki. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, kimezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na mzee mwenyewe aliilaza mapajani huku akila hindi la kuchoma. Nyingine zilikuwa za askari, na askari mwenye bunduki unampita bila kumkodolea macho. Kwa hiyo mwaliko ule ulinishangaza, lakini haukunitisha. Nilitaka kuona watu wanaokwenda kwenye bunduki kwa hiari yao, Jumamosi asubuhi, kama wanaokwenda sokoni.

Mume wangu aliponisikia aliacha kijiko ndani ya uji. "Kupiga shabaha? Wewe?"

"Naenda kuona tu, baba."

"Haya. Kaone."

Uwanja wenyewe ulikuwa nje ya mji, umepasuliwa katikati ya vilima viwili. Nilikuta familia nzima nzima, bibi mmoja amekuja na keki, wazee wawili wanabishana kuhusu mvua. Waliponiona na ushungi wangu baadhi walitazama mara mbili, kisha wakanisalimia. Vifuniko vya masikio vikawa vinateleza juu ya kitambaa. Mwenzangu akachomoa pini kwenye koti lake, akanibania ushungi nyuma ya shingo, akarudi hatua moja kunikagua.

"Sasa," akasema, akaniwekea bunduki yake mikononi.

Kishindo cha kwanza sikukisikia masikioni. Kiliingia kifuani. Ganda la risasi liliruka kulia kwangu, likadunda mezani, na nilipoligusa lilikuwa la moto kama karai la kuchomea mandazi. Bunduki yenyewe ilikuwa ya aina ile inayojipakia: ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, na kabla hujashusha pumzi inayofuata imeshajipanga. Wao wanaiita nusu otomatiki. Mimi jambo lililonishika halikuwa risasi iliyokwenda mbele. Nilitaka kujua ni nini kilichotokea mle ndani, katika ule muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mpaka risasi ya pili ikajipanga bila mtu kuigusa.

"Umeinunua wapi hii?" nikamuuliza.

"Sikuinunua. Niliiunda mwenyewe."

Nilidhani nimemsikia vibaya. Nikamuuliza kama nyumbani kwake ana tanuri la kuyeyushia chuma. Akacheka mpaka yule bibi wa keki akageuka. Kisha akaigeuza bunduki ubavu, akanionyesha kipande cha katikati, kile cha alumini kinachobeba kifyatulio, chenye namba iliyochongwa.

"Hiki ndicho bunduki mbele ya sheria," akasema. "Hiki unakinunua dukani, unachunguzwa, unasubiri. Vilivyobaki vyote, mtutu, kitako, springi, sheria inaviona ni vyuma tu. Unaagiza, vinaletwa mlangoni kama viatu."

"Na kwa nini usinunue nzima?"

Akanishika mkono, akaunyoosha sambamba na wa kwake. Tulikuwa sawa. "Za dukani wamemtengenezea mwanamume wa futi sita. Mimi sina mikono hiyo. Na wewe pia huna, mpenzi."

Nilirudi nyumbani na swali moja kichwani, na sikuliacha. Kama mtutu si bunduki, na kitako si bunduki, na ile springi si bunduki, basi bunduki inaanzia wapi? Kila siku kazini nilipima vipande vya mashine ya kufulia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoitwa mashine. Lakini hapa palikuwa na watu waliokaa mezani wakaamua: ni hiki.

Nilimweleza mume wangu wakati wa chakula cha jioni kwamba nataka bunduki ya shabaha. Nilitegemea atakataa. Alitafuna kwanza, akameza, akauliza, "Ya kununua?"

"Nafikiria kuunda."

Hapo ndipo alipoweka mkono mezani. Mume wangu ni mtu mpole, mhasibu kwa kazi na kwa tabia, na hasira yake huijui mpaka aanze kuongea polepole.

"Mama, nisikilize. Ukinunua, unaingia dukani mchana kweupe, unaonyesha kadi yako ya ukazi, wanakuchunguza, unatoka na risiti. Mtu yeyote akiuliza, umenunua kama wanavyonunua wao. Lakini wewe, na ushungi huo, na jina hilo la babu yako, uanze kuagiza vipande vya bunduki kimoja kimoja kwa posta? Unajua jirani akiona atasemaje?"

"Mwenzangu kazini anaagiza."

"Mwenzako anaitwa kama wao."

Alikuwa amesema kweli. Binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, alituangalia mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa Kiingereza kama anaweza kuongezewa wali. Sisi tulimsemesha Kiswahili, yeye alijibu Kiingereza, na siku nyingi tulikuwa hatusikii tena kwamba ni lugha mbili.

Tulikubaliana tumwulize kaka yake. Kaka wa mume wangu alikuwa Columbus, Ohio, na ndiye aliyekuwa mkubwa wetu upande huu wa dunia. Jambo la ndoa au la gari lilipita kwake kwanza. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa ile sikukuu yao ya bata mzinga, tukafunga safari. Shemeji alikuwa na bunduki. Aliinunua baada ya duka la jirani yake kuvunjwa, na aliifungia kwenye sanduku la chuma kabatini. Hakuwahi kuitoa isipokuwa kuipangusa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu ameinyoosha mbele ya televisheni.

"Shemeji," akasema, "mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa. Nilikabidhiwa bunduki asubuhi, nikaambiwa hii ni mke wako. Tulilala nayo, tulikimbia nayo, tulipigwa kwa ajili yake. Hakuna siku niliyouliza nani aliiunda. Friji hujaunda, gari hujaunda. Bunduki ndiyo uunde?"

"Friji nikipata nafasi nitaifungua pia."

"Huyu," akamgeukia mdogo wake, "ulimtoa wapi?"

"Morogoro," mume wangu akajibu, na tukacheka wote, na jambo likaachwa hapo usiku ule.

Jumamosi shemeji akatupeleka kwenye maonyesho ya bunduki. Lilikuwa ghala kubwa lenye taa nyeupe, meza kwa mamia, na nilichokumbuka zaidi baadaye ni jinsi vitu vilivyochanganywa. Meza moja mitutu, inayofuata asali ya mitungi, inayofuata soksi za sufu, kisha mzee anauza Biblia na visu. Watu walitembea taratibu wakila karanga. Shemeji alinipitisha moja kwa moja kwenye meza za bunduki nzima, mpya, zimefungwa kamba zisiibiwe. Akanichagulia moja.

"Shika."

Nikashika. Nilipoiweka begani mkono wa mbele ulinyooka mpaka kiwiko kikafungana, na jicho langu halikufika pale linapotakiwa kufika. Mwuzaji akasema nitazoea. Shemeji akasema nitazoea. Mume wangu, ambaye alikuwa anataka ninunue kuliko wote, alinitazama na shingo yangu iliyopinda, akaichukua bunduki mikononi mwangu akairudisha mezani.

Meza ya pili kutoka mwisho palikuwa na vipande vitupu, vimepangwa kwenye vitambaa kama vya fundi saa. Nilipofika pale nikasahau wenzangu. Mwuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, na alikuwa na vile vipande vyenye namba, kadhaa, vibichi, bado vinanukia mafuta. Nikachukua kimoja. Kilikuwa chepesi ajabu, na matundu matupu kila upande. Nikamwambia nakitaka. Akaomba kitambulisho, akakisoma, akanirudishia.

"Samahani, mama. Wewe ni wa Kentucky. Hiki sheria hainiruhusu kukuuzia, kinunue kwenu. Lakini chochote kingine hapa mezani ni chako ukitaka."

"Hata mtutu?"

"Hata mtutu."

Nikamweleza shemeji. Akauchukua ule mtutu mkononi, akautazama, akakitazama kile kipande chepesi cha alumini, kisha akautazama tena mtutu. Mwanajeshi yule wa zamani alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango si sehemu ya nyumba.

"Huu ndio unaoua," akasema, "na hiki ndicho wanachokizuia?"

"Ndivyo, shemeji."

"Basi nunua hicho kitako kidogo pale," akasema, "ulichokishika muda wote." Nami sikujua kwamba nilikuwa nimekishika. Kilikuwa kitako kinachorefuka na kufupika. Nilikijaribisha begani, nikakivuta mpaka kikanifaa, na shingo yangu ikanyooka. Shemeji alikilipia yeye. Alisema ni zawadi, ila nisimwambie mama mkwe.

Tuliporudi Louisville nilikwenda kwenye duka la silaha karibu na kazini kutafuta kile kipande chenye namba. Mume wangu aliomba ruhusa ya nusu siku tukaenda pamoja, amevaa tai. Mwenye duka alituuliza maswali kwa adabu, akapiga simu ya uchunguzi, akasikiliza, akaishusha.

"Wanasema tusubiri," akasema. "Hutokea. Kuna majina mengi yanayofanana."

Tulisubiri. Mwenye duka alisema ni siku chache, na siku hizo mume wangu alikonda. Alikuwa anaamka kabla ya alfajiri, anaswali, halafu anakaa sebuleni na simu mkononi kana kwamba tumeomba viza upya. Mimi pia niliogopa, lakini ndani ya hofu yangu mlikuwa na kitu kingine, nami nilikiona haya: nilitaka kujua. Nilitaka kujua kama nchi ile, iliyonipa kazi ya kupima vyuma vyake na kuniamini kwa unene wa unywele, ingeniamini na kipande hiki. Simu ilipolia nilikuwa kazini. Mwenzangu aliona uso wangu, akaacha kipimo mezani.

"Nini?"

"Wamesema ndiyo."

Akanikumbatia mpaka miwani yake ikadondoka.

Tuliiunda nyumbani kwake, chumba cha chini ya nyumba, mchana wa Jumapili mbili. Alitandika taulo la kuogea mezani ili vipande visiviringike. Alinionyesha mara moja, kisha akakaa kwenye kiti chake na kuniacha nihangaike, na kila nilipomtazama anisaidie alikuwa anatazama dari. Nilikuja kujua kwamba kile kilichonitatiza siku ya kwanza, ule muda mfupi wa risasi kujipanga, ni pumzi tu. Moshi wa risasi inayotoka unarudishwa nyuma kidogo, unasukuma chuma, chuma kinakandamiza springi, springi inarudisha. Bunduki inavuta pumzi yake yenyewe. Nilipoelewa nilikaa chini.

Jumapili ya pili springi ndogo kuliko zote, nyembamba kama ya kalamu, iliniponyoka vidoleni ikapotea. Tulitafuta chini ya meza. Tulitafuta nyuma ya friza lake lililojaa nyama ya paa. Mume wangu alikuja kunichukua akatukuta sote wawili tumepiga magoti, akavua koti, akachukua tochi, naye akapiga magoti. Yule mtu aliyesema tusiagize vipande kwa posta alilala kifudifudi kwenye zulia la watu akimulika chini ya friza.

"Ina rangi gani?" akauliza.

"Ya springi," nikamjibu.

Hatimaye mwenzangu aliponitazama akaanza kucheka. Akanyoosha mkono, akaitoa kwenye mkunjo wa ushungi wangu, chini ya sikio. Mume wangu alicheka akiwa bado kifudifudi, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu siku ya duka la silaha.

Siku ya kuijaribu ilipiga risasi moja, ikanyamaza. Nikavuta kwa mkono, ikapiga moja, ikanyamaza tena. Haikuwa nusu otomatiki, ilikuwa robo. Wazee wa uwanja wakaja kutoa ushauri, kila mmoja na wake. Mwenzangu akaanza kukasirika kwa niaba yangu, lakini mimi sikukasirika. Sijui kama nitaeleweka: nilifurahi kuliko kama ingefanya kazi. Kitu nilichokiunda mwenyewe kilikuwa na kosa, na kosa hilo lilikuwa mahali fulani, lina ukubwa fulani, na kulipima ndiyo kazi niliyosomea. Tukairudisha kwake, chumba cha chini, tukaifungua, na nikalikuta: kipande kinachopitisha ile pumzi kilikuwa kimekaa upande, kidogo tu, kisichoonekana kwa jicho. Wiki iliyofuata ilipiga, ikajipanga, ikapiga, ikajipanga. Nilimwachia mume wangu apige ya mwisho. Alipoishusha alisema neno moja, "Kumbe," akanirudishia.

Niliitumia majira yale yote ya joto. Kisha mume wangu akapata kazi Buffalo, katika kiwanda kimoja huko Tonawanda, mshahara mzuri na bima ya familia nzima, na hapakuwa na mjadala. Jioni moja alinikuta nimeinamia kompyuta.

"Unasoma nini?"

"Sheria za New York."

Buffalo iko jimbo la New York, na huko walikuwa wamekaza sheria muda si mrefu uliopita. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Kile kitako kinachofupika, kilichonyoosha shingo yangu kule Columbus, kilikuwa kwenye mambo yaliyokatazwa kwa bunduki ya aina ile, pamoja na mshikio wa chini na vinginevyo. Ningeweza kuibadilisha, kuondoa hiki na kufunga kile, mpaka ikubalike. Lakini ingekuwa imerudi kuwa bunduki ya mwanamume wa futi sita. Niliisoma sheria ile kwa hamu zaidi kuliko hasira. Kule Kentucky nilikuwa nimeambiwa bunduki ni kipande chenye namba. New York wao walitazama pia umbo: kitako, mshikio, ncha ya mtutu. Safari ya siku moja kwa gari, na jibu la swali langu lilikuwa limebadilika.

Tulikwenda na mwenzangu kwenye duka lile lile, bunduki ikaandikwa kwa jina lake. Hakutaka nimpe bure, nami sikutaka anilipe, tukabishana mbele ya mwenye duka mpaka akatuomba tusogee pembeni. Mwisho alinipa nyama ya paa ya kujaza nusu friza, na chombo chake cha kupimia alichokitumia tangu ujana.

"Huko kuna baridi, mpenzi," akasema. "Kula."

Buffalo tulipanga nyumba mtaa wa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu. Chini yetu alikaa mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu, mjane, aliyefika na watoto wake baada ya miaka mingi kambini. Alifanya kazi za usiku za usafi, na mchana alimpokea binti yangu akitoka shule mpaka mimi nirudi. Kiswahili chake na changu vilikuwa ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Mwanzoni tulichekana, baadaye tukazoea. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, ambayo nyumba nzima ilinukia, na mtoto wangu alijifunza kwake maneno ambayo mimi sikuyajua.

Siku moja nilipokwenda kumchukua mtoto, mama yule hakunikaribisha kwa kicheko kama kawaida. Aliwapeleka watoto chumbani, akafunga mlango, akaja kukaa mbele yangu.

"Dada," akasema, "mutoto anasema weye ulitengeneza fusil. Iko kweli?"

Fusil kwa Kifaransa chao ni bunduki. Nilikuwa najua kidogo alikotoka, ya kutosha kujua nisichopaswa kuuliza. "Ni kweli," nikasema. "Kule Kentucky. Ya kupigia shabaha. Sinayo tena, niliiacha."

"Ulitengeneza. Na mikono yako."

"Niliunganisha vipande."

Nilianza kutafuta maneno ya kuomba radhi, nikawa nawaza nani atamshika mtoto wangu kesho. Lakini hakuwa anatafuta radhi.

"Bon," akasema. "Unielezee. Ndani mule kuko nini?"

Nilikuwa na picha kwenye simu, ile niliyoipiga kwenye taulo la kuogea, vipande vyote vimepangwa. Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaikuza kwa vidole, akaisogeza taratibu kutoka kona moja hadi nyingine, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu kwenye picha ya harusi.

"Kale kadogo ni nini?"

"Springi."

"Ressort? Kama ya kitanda?"

"Kama ya kitanda. Ndiyo inayorudisha."

"Na hii?"

Nilimweleza yote. Ile pumzi inayorudi nyuma nilimweleza kwa sufuria na mfuniko, maji yakichemka. Aliuliza vizuri kuliko mimi nilivyouliza siku ya kwanza. Kisha akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba yeye bunduki aliziona kwa miaka, lakini aliziona kutoka chini ya kitanda. Aliona viatu, na kitako kikigongwa sakafuni. Hakuwahi kuona juu.

"Donc, miaka yote," akasema, "mi nilikuwa nafikiri kuko kitu ndani. Kitu kenye kujua. Kumbe iko ressort."

Aliniwekea sombe kwenye bakuli nipeleke juu.

Wiki kadhaa baadaye nilimwambia kwamba kuna duka nje ya mji ninalotaka kwenda, nikatazame kama kuna bunduki ninayoruhusiwa kununua huku. Nilimwambia tu ili ajue nitachelewa. Akasema anakuja. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, na mara ya pili alikuwa ameshavaa koti.

Duka lilikuwa na joto na harufu ya kahawa. Mwuzaji, kijana mstaarabu, alinitolea bunduki ya nusu otomatiki iliyokubalika New York, kitako cha mbao, kimeunganishwa na mwili mzima kama cha bunduki za zamani za kuwindia. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imekamilika. Nikaiweka begani, kiwiko kikafungana, shingo ikapinda. Akasema fundi anaweza kukikata kitako kifupishwe. Nikasema nitafikiri, na hapo nilikuwa nasema kweli, nilidhani nitafikiri. Lakini nilipoigeuza huku na huku niligundua kwamba sina swali la kuiuliza. Sikununua siku ile, na mpaka leo sijanunua. Mume wangu kila mwaka huniuliza kama bado nataka, nami humwambia nitafungua friji kwanza.

Mama yule alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, mkoba ameukumbatia kifuani. Nilipotaka kumrudishia kijana bunduki, akanigusa mkono.

"Nipe," akasema.

Kijana alinitazama. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba mwenzangu anaomba kuishika tu. Akaichukua kwangu, akaikagua tena mbele yetu kwamba ni tupu, akamkabidhi. Mama aliweka mkoba sakafuni. Aliipokea kwa viganja viwili vilivyofunuliwa, kama anayepokea mtoto wa mtu, akasimama nayo. Hakuiweka begani. Hakumlenga mtu wala kitu. Aliinama kidogo akaangalia juu yake, pale asipowahi kupaona, akapitisha kidole gumba kwenye mbao, kisha akairudisha juu ya kaunta polepole isigonge kioo.

"Merci," akamwambia kijana, naye kijana akaelewa.

Ndani ya gari alikaa kitambo bila kufunga mkanda. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, ile laini isiyo na haraka. Niliwasha gari, nikawasha na kipasha joto, nikamsubiri.

"Nilikuwa nafikiri iko muzito kupita pale," akasema.

Kisha akafunga mkanda, akaniambia tupitie sokoni, samaki wa nyumbani wamekwisha na watoto wanarudi saa tisa.